Kwenda Marsabit na Kurudi Siku Moja

Mara nyingi jamaa zetu waalimu walioko Isiolo na Meru wametuuliza kama yawezekana mtu kwenda Marsabit kuwaona ndugu zake, kisha akarudi kwake siku ile ile. Jibu letu ni kwamba yawezekana, maana sisi wenyewe tumekwenda hivyo mara mbili. Mara ya kwanza tulikwenda kama watu waendao sokoni. Mara ya pili tulikwenda kama wasafiri. Twaziandika hapa habari za safari zote mbili, maana tumeona kwamba waendao kama tulivyokwenda sisi mara ya kwanza wangali wengi.

Zamani hakuna aliyeuliza swali hilo. Njia ilikuwa ya changarawe na mawe, imejaa matuta madogo madogo kama bati la nyumba, hata watu walishuka garini meno yakiwauma kwa kutikiswa. Wengi walipanda juu ya malori ya ng'ombe, wakaketi juu ya vyuma huku wanyama wakiwa chini yao. Magari yalikwenda kwa msafara pamoja na askari kwa ajili ya wanyang'anyi. Mtu aliyekwenda Marsabit aliaga kwao, naye hakusema atarudi lini. Lakini kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imekwisha kutandikwa kutoka Isiolo hata Moyale, mpakani mwa Ethiopia. Leo kutoka Isiolo hata Marsabit ni kilometa 260 hivi, na motakaa nzima huzimaliza kwa saa nne, pengine chini yake kidogo.

Basi lami hiyo ndiyo iliyotudanganya. Mtu aonapo njia nyeusi, laini, iliyonyoka, huipima safari kwa urefu wake. Husema, "Ni saa nne tu," akachukua chakula cha saa nne na maji ya saa nne. Wala hajiulizi, Je, gari likisimama katikati, nitangoja muda gani? Jangwa halikuondoka kwa sababu lami imekuja. Liko pale pale, mkono wa kuume na mkono wa kushoto, nalo huanza mahali lami inapokoma, yaani hatua moja nje ya mlango wa gari.

Ilikuwa mwezi wa pili, mwaka 2022. Nchi ile ilikuwa katika ukame mkubwa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mvua zilikuwa zimekosekana msimu baada ya msimu, na mizoga ya ng'ombe ilionekana kando ya njia. Dada yetu, aliyeolewa Marsabit, alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama yetu, ambaye nyumbani sote twamwita Bibi, alitaka kumwona mjukuu wake. Jumapili tulikuwa na wageni wa arusi nyumbani, kwa hiyo tukasema, twende Jumamosi na kurudi Jumamosi. Tulikuwa watu sita: Bibi, sisi mume na mke, watoto wetu wawili, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa miaka minne, na kijana wa shangazi ambaye ndiye dreva wetu.

Tuliazimu kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Tukaondoka saa mbili u nusu, maana kulikuwa na kuku wa kumfunga, na kitenge cha zawadi kilikuwa kwa fundi, na kila mtu alikuwa na jambo lake moja dogo. Maji tuliyochukua yalikuwa chupa sita za nusu lita, moja kwa kila mtu. Tukajiona tumefanya hesabu nzuri kabisa.

Mwanzo wa njia ni mzuri, tena wapendeza macho. Baada ya nusu saa hivi mtu hufika Archers Post, akavuka mto Ewaso Ng'iro, mto ule utokao nchi ya juu upande wa mlima Kenya na nyanda za Laikipia ukaenda kupotea katika mabwawa ya Lorian mashariki. Hapo miti ya mikoche ipo, na mbuzi wengi. Kisha upande wa kushoto husimama mlima Ololokwe, umekatwa juu kama meza, na watoto hawaachi kuutazama mpaka umebaki nyuma. Tukapita Sereolipi, tukapita daraja la Merille, tukapita Laisamis. Kuanzia hapo nchi hushuka ikawa tambarare, miti yapungua, na mawe meusi ya moto wa zamani yametapakaa chini kana kwamba yalimwagwa jana. Hilo ndilo jangwa la Kaisut.

Yapata saa sita kasorobo taa ndogo ya betri iliwaka mbele ya dreva. Alisema, "Labda ni waya tu." Tukaendelea. Punde tukaona mshale uonyeshao moto wa injini unapanda, naye akasimamisha gari kando ya njia. Alipofungua boneti tuliona mkanda wa feni umekatika, umelala chini kama nyoka aliyeuawa. Ndipo tulipojifunza kwamba mkanda ule mmoja ndio uliozungusha pampu ya maji ya injini, na ndio uliozungusha mtambo wa kutia nguvu betri, na kwa hiyo ile taa haikuwa waya tu. Katika sanduku la spana tulikuwa na jeki na tairi la akiba. Mkanda wa akiba hatukuwa nao. Bei yake ni ndogo kuliko ya yule kuku.

Simu haikushika. Tuliinyosha juu, tukapanda juu ya mawe, haikushika. Baada ya robo saa lori la mizigo lilipita likienda Marsabit, nalo likamchukua kijana wetu pamoja na mkanda uliokatika ili apate mwingine wa kadiri ile ile. Tukabaki watu watano.

Hapa twataka kukiri kosa ambalo hatukujua kuwa ni kosa. Bibi alisema, "Msinywe sasa. Tuyawekee akiba, hatujui mwisho wake." Nasi tukaona ni neno la hekima, tukawakataza hata watoto. Tena tuliwaketisha ndani ya gari, tukidhani kwamba humo wamejificha jua. Mdogo alilia, kisha akaacha kulia, akawa amelegea, uso wake mwekundu na mkavu. Mama yake alipomgusa paji la uso alimtoa mbio. Tukalaza mkeka katika kivuli chembamba cha gari upande wa mashariki, tukamvua shati, tukalowesha kitambaa kwa maji ya chupa moja nzima, tukampangusa shingo na kifua na makwapa, huku tukimpepea kwa kifuniko cha sanduku, na kumnywesha kidogo kidogo. Ilikuwa muda wa nusu saa, nasi hatutausahau, kabla hajafungua macho vizuri na kuuliza habari za kuku.

Baadaye tulisoma mambo ambayo yangetufaa siku ile. Madaktari wa Marekani walipima motakaa iliyofungwa na kusimama juani, wakatoa habari zao mwaka 2005: joto la ndani hupanda nyuzi 20 na zaidi za Selsio kwa muda wa saa moja, na sehemu kubwa ya hizo hupanda katika nusu saa ya kwanza, wala kuacha dirisha wazi kidogo hakusaidii. Mtoto naye hushikwa na joto upesi kuliko mtu mzima. Gari lililosimama jangwani si nyumba, ni tanuru. Kivuli chake ndicho kifaacho.

Na kwa habari ya maji, katika vita kuu ya pili askari wa Marekani walifundishwa katika majangwa ya California, na mtaalamu mmoja, Edward Adolph, pamoja na wenzake, waliwapima watu kwa mizani ili kujua ni maji kiasi gani yanapotea kwa jasho. Kitabu chao kilitoka mwaka 1947. Waliona ya kuwa mtu afanyaye kazi juani aweza kupoteza lita moja na zaidi kwa saa moja. Tena waliona kwamba mtu, hata akiwa na maji mbele yake, hanywi kadiri ya alichopoteza. Kiu humwambia "yatosha" kabla hayajatosha. Lakini lililotushangaza zaidi ni hili, kwamba kujinyima maji hakumwongezei mtu siku. Maji yaliyomo chupani hayampoozi mtu. Kinachofaa kuwekewa akiba ni jasho: keti kivulini, usitembee mchana, usivue nguo zote juani, na ukiwa na kiu unywe. Bibi aliposomewa habari hiyo alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nami nilimwua mtoto kwa akili." Tulimwambia ya kwamba sisi wenyewe ndio tulioitikia.

Yapata saa nane alikuja mwanamke wa Kirendille, ana ushanga mwingi shingoni, pamoja na kijana mdogo na ngamia wawili. Mkononi alikuwa ameshika dumu la manjano, tupu, naye alilipunga tangu mbali. Watu wa njia ile wanajua maana yake, nasi tulijua: siku zile za ukame wachungaji walisimama kando ya lami na kuwaomba wapitao maji. Magari kwao ndiyo yaliyokuwa visima. Alipofika alisema neno moja la Kiswahili, "Maji." Mke wetu akamwonyesha chupa zetu. Zilikuwa zimebaki mbili, na moja ilikuwa nusu.

Alimtazama mtoto aliyelala mkekani. Akasema na kijana wake kwa lugha yao, na kijana akateremsha kibuyu kilichofungwa ubavuni mwa ngamia. Kilikuwa na maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi. Akammiminia mtoto kwanza, kisha Bibi. Yeye mwenyewe hakunywa. Bibi alivua kanga aliyojitanda akampa, naye aliipokea kwa mikono miwili, wakaketi pamoja kivulini kama watu wa nyumba moja, wasijue hata neno moja la kuambiana, mpaka jua lilipogeuka. Kisha akachukua dumu lake, lingali tupu, akaenda zake.

Kijana wetu alirudi saa tisa u nusu akiwa na mkanda. Bado ilitupasa kujaza rejeta, maana maji yake mengi yalikuwa yamechemka na kumwagika, naye kwa bahati alikuwa amenunua dumu la lita kumi huko Marsabit. Asingalinunua, tungalikuwa na chupa moja na nusu, na shauri la kuamua kama ni ya watu au ya injini. Tulifika Marsabit jioni, tukalala huko, na wageni wa arusi walipokewa na jirani.

Hiyo ndiyo safari ya kwanza. Ya pili tulikwenda mwezi wa nane, mwaka 2024, na safari hii tuliipanga siku tatu kabla.

Jambo la kwanza ni saa. Katika nchi yetu mchana hauongezeki wala haupungui sana. Jua hutoka karibu na saa kumi na mbili u nusu, na hutua karibu na saa hiyo hiyo ya jioni. Kwenda saa nne na kurudi saa nne ni saa nane, nawe una mwanga wa saa kumi na mbili. Kwa hiyo zabaki saa nne tu za kusalimia, kula, na kuharibikiwa. Atumiaye zote nne kwa kusalimia hana hata moja ya kuharibikiwa. Sisi tulijiwekea sheria kwamba saa saba u nusu tutakuwa garini, hata chai ikiwa mezani. Shemeji yetu alitaka sana kutuonyesha lile ziwa lililo ndani ya shimo la mlima wa moto wa zamani, msituni, katika mlima ule ule aliokaa tembo Ahmed mwenye pembe ndefu, ambaye Rais Jomo Kenyatta aliamuru alindwe kwa askari mwaka 1970, naye akafa kwa uzee mwaka 1974. Tulitamani kuliona. Lakini kutia safari ndani ya safari ndiko kunakomkutisha mtu na giza akiwa bado Laisamis.

Wengine hutuambia, "Mwarudi wakati wa jua kali, afadhali mngengoja jioni ipoe." Shauri hilo tumelipima, nasi hatulikubali. Ni kweli kwamba saa nane na saa tisa Kaisut huwaka. Lakini joto mtu aweza kujiandalia kwa maji. Ngamia mweusi aliyesimama juu ya lami nyeusi usiku, wala hakuna taa mbele wala nyuma, hapana awezaye kujiandalia. Wanyama hupenda lami jioni kwa sababu ina joto, na ngamia ni mrefu: gari dogo humpiga miguu, na mwili wake huangukia kioo.

Jambo la pili ni maji, nalo tuliligawa mafungu matatu, kila fungu na chombo chake. La watu lilikuwa lita tano kwa kila mtu. La injini lilikuwa dumu la lita kumi, tukalitia alama ya rangi nyekundu ili mtu yeyote asilinywe wala asilihesabu. La tatu lilikuwa madumu mawili ya lita ishirini, na hayo hayakuwa ya kwetu. Kijana wetu alilalamika kwamba uzito ule hula petroli. Ni kweli, hula. Tulimjibu kwamba tumekwisha kula maziwa.

Petroli tulijaza Isiolo mpaka juu. Gari letu huenda kilometa kumi kwa lita moja, na kwenda na kurudi ni kilometa 520, yaani lita 52, nalo tangi halichukui hizo. Kwa hiyo tulijaza tena Marsabit kabla ya kwenda kumsalimu mtu yeyote. Hewa ya matairi tuliipima alfajiri yakiwa baridi, pamoja na lile la akiba, maana tairi lenye hewa haba hujikunja-kunja likiviringika, likapata moto, likapasuka, na wengi hudhani kwamba ni jua lililolipasua. Ukilipima wakati lina moto utaona hewa imezidi. Usiitoe, itarudi kadiri yake likipoa. Tulichukua mikanda miwili, mpira wa rejeta, kamba, tochi, na turubai ya kufanyia kivuli. Na kwa habari ya rejeta tumemwapisha kijana wetu asifungue kifuniko chake mpaka aweze kukiwekea kiganja cha mkono bila kuungua, maana maji yaliyomo yamebanwa, yana moto kupita maji ya sufuria ichemkayo, nayo huruka usoni.

Tena tulichukua makoti. Msituchekee. Marsabit ni mlima katikati ya jangwa, na asubuhi ukungu huulalia msitu wake hata miti hudondosha maji. Mtu atokaye Kaisut ameloa jasho hufika huko akatetemeka.

Kizuizini, tunapotoka Isiolo, tulishuka tukawauliza askari habari za njia: kama kuna ugomvi wowote wa mifugo huko mbele, na kama mvua imenyesha milimani. Swali hilo la mwisho waweza kuliuliza hata chini ya anga jeupe. Makorongo ya nchi ile hukaa makavu miezi mingi, kisha mvua hunyesha mbali, mahali usipopaona, na maji huja yakinguruma chini ya jua kali. Madaraja sasa yapo, lakini mahali popote maji yapitapo juu ya njia usiyaingie. Yakifika magotini yaweza kulisukuma gari dogo. Yakifika mapajani hulichukua hata kubwa.

Tuliondoka saa kumi na mbili kamili. Saa mbili kasorobo tulikuwa Merille, na saa nne na dakika chache tulikuwa mlangoni kwa dada yetu. Yule mtoto wa kiume alikuwa na miaka miwili u nusu, naye alimkimbia Bibi akajificha nyuma ya mlango, hata ikatubidi kutumia saa nzima kumbembeleza.

Tulipokuwa tukirudi tulisimama mahali pale pale kati ya Logologo na Laisamis. Mvua zilikuwa zimerudi tangu mwaka 2023, na majani yalikuwa yameota kati ya mawe meusi. Bibi alishuka akatazama huku na huku muda mrefu, akiwa ameshika kanga mpya mkononi. Walikuwako vijana wawili wenye mbuzi. Tukawauliza kwa ishara na kwa maneno machache habari za mwanamke mwenye ngamia wawili. Wakacheka, maana kwao wanawake wenye ngamia ni wengi. Tukawapa yale madumu mawili. Mmoja alionja kwanza kwa kiganja, akamwita mwenzake, wakayabeba wakayaficha kivulini chini ya mgunga.

Bibi aliirudisha kanga ndani ya mfuko wake. Tulifika Isiolo saa kumi na mbili kasorobo, jua lingalipo, na dumu lenye alama nyekundu lilikuwa halijafunguliwa.